Görlitz: Mji wa makanisa uliogawanywa na mto

IKIWA una mtoto anayesomea Ujerumani, au wewe mwenyewe ni mwanafunzi unayejiandaa kwenda huko, bila shaka umekwisha kuandika orodha ya miji ambayo ungependa kuizuru. Berlin haikosi. Munich haikosi. Lakini ni nadra kumsikia Mkenya akitaja Görlitz, na si ajabu. Ni mji wa watu wapatao 56,000 tu, nao uko ukingoni kabisa mwa nchi upande wa mashariki. Simama mwanzo wa daraja lake la miguu, piga hatua mia moja hivi, na tayari umetoka Ujerumani na kuingia Poland.

Usiudharau kwa udogo wake. Mji huu una majengo ya kihistoria yapatayo 4,000 yanayolindwa na sheria, na miongoni mwayo mna makanisa ambayo ungehitaji siku mbili nzima kuyazunguka. Utafika kwa treni kutoka Dresden, safari ya saa moja na ushei, na ukishuka stesheni huhitaji gari wala teksi. Miguu yako yatosha, mradi umevaa viatu madhubuti, kwa maana barabara za mji wa kale zimetandazwa mawe, na mawe hayo hayana huruma na visigino virefu.

Kabla hatujaanza kutembea, yafaa ujue lililoupata mji huu, maana bila hilo utaona minara na madirisha tu. Jina la Görlitz liliandikwa kwa mara ya kwanza katika hati ya mwaka wa 1071, na kwa karne nyingi ulikuwa mji mmoja ulioketi kingo zote mbili za mto Neisse. Tarehe 7 Mei 1945, siku moja tu kabla ya Ujerumani kusalimu amri, wanajeshi wa Kijerumani waliokuwa wakirudi nyuma walilipua madaraja ya mto huo. Vita vikaisha, mataifa makubwa yakaketi kuchora mipaka, na mto ukawa mpaka. Wajerumani wa ng'ambo ya mashariki wakafukuzwa makwao. Mahali pao wakaletwa Wapoland, na wengi wa hao nao walikuwa wamefukuzwa kutoka maeneo yaliyotwaliwa na Muungano wa Sovieti. Upande huo ukapewa jina la Zgorzelec, na ndivyo uitwavyo hadi leo.

Ajabu ni kwamba mabomu yaliyoteketeza miji mingi ya Ujerumani karibu hayakuugusa mji huu. Mawe yalibaki mahali pake. Waliohamishwa ni watu. Makanisa ya kale karibu yote yakaangukia upande wa magharibi, na baadhi ya waliobatizwa na kuoana ndani yake wakajikuta hawana ruhusa ya kuvuka kwenda kuyatazama. Shika hilo kichwani tunapoingia mjini.

Saa inayotangulia

Ukitoka stesheni utalikuta kwanza kanisa la Frauenkirche, la karne ya 15, ambalo zamani lilikuwa nje ya kuta za mji. Ingia, tulia kidogo, uendelee. Vijana mlio na haraka najua macho yenu yatakuwa kwenye duka kubwa lililo jirani yake, lenye ngazi za kifahari na dari la vioo, ambamo ilipigwa filamu ya The Grand Budapest Hotel iliyotoka mwaka wa 2014. Hayo ni yenu. Sisi twende katika uwanja wa Obermarkt.

Hapo lipo kanisa la Utatu Mtakatifu, Dreifaltigkeitskirche, lililojengwa na watawa Wafransisko katika karne ya 13. Mnara wake ni mwembamba sana, nao wenyeji huuita "Mtawa". Saa ya mnara huu ina kisa. Mwaka wa 1527 wafumaji nguo wa Görlitz, waliochoka kutawaliwa na matajiri wachache wa baraza la mji, walipanga uasi. Walikuwa wakikutana usiku kwa siri katika kichochoro kilicho hatua chache tu kutoka hapo. Inasimuliwa kwamba waliitegemea saa ya watawa kujua wakati wa kutawanyika kabla ya askari wa zamu kupita. Usiku mmoja saa hiyo ikagonga dakika saba kabla ya wakati, wakatoka mapema, wakajitumbukiza mikononi mwa askari. Sehemu ya kisa ni hadithi, lakini uasi wenyewe ni wa kweli, na viongozi wake waliuawa kweli. Kichochoro kile kikabandikwa jina la Njia ya Wasaliti, Verrätergasse, na juu ya mlango mmoja utazikuta herufi D.V.R.T. na mwaka 1527. Maana yake kwa Kijerumani ni "mlango wa genge la wasaliti". Jiulize ni nani aliyekuwa na kalamu siku hiyo. Si wafumaji.

Ndani ya kanisa hilo usikose kuitazama altari ya mbao iitwayo Maria wa Dhahabu, ya miaka ya mwanzo ya karne ya 16. Ina milango inayokunjuka kama kurasa za kitabu. Wakati ambapo wengi hawakujua kusoma, hicho ndicho kilichokuwa kitabu chao.

Na kwa kuwa tunazungumza saa: mstari wa longitudo ya nyuzi 15 mashariki unapita katikati ya mji huu, na penye mstari huo pana jiwe la ukumbusho lenye umbo la tufe. Tangu mwaka wa 1893 Ujerumani nzima inafuata saa ya mstari huo. Sisi wa Afrika Mashariki tunafuata saa ya nyuzi 45, mstari ambao hata haupiti Kenya. Tofauti ni nyuzi 30, yaani saa mbili kamili. Ukimpigia mwanao simu akiwa Görlitz wakati wa baridi, yeye yuko nyuma yako kwa saa mbili. Majira ya joto wakisogeza saa zao mbele, inabaki saa moja tu. Mwanafunzi wa jiografia akilielewa hilo hapo penye jiwe, hatalisahau katika mtihani.

Jua 17 na fundi wa viatu

Ukiteremka kutoka uwanja wa pili, Untermarkt, kuelekea mtoni, mbele yako litajitokeza kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, ambalo watu huliita Peterskirche kwa kifupi. Hili ndilo kubwa lao. Lilijengwa kati ya mwaka wa 1423 na 1497 juu ya kanisa lililotangulia, nalo limekaa juu ya mwamba ukingoni mwa mto kama meli iliyokwama. Minara yake miwili yenye kimo cha mita 84 ni ya juzi tu kwa hesabu ya huko, kwani ilimalizwa mwaka wa 1891. Ndani kuna safu tano za nafasi zilizotenganishwa kwa nguzo ndefu, na ukiinua macho utaona dari limesukwa kwa mishipa ya mawe kama ukili. Moto wa mwaka wa 1691 uliteketeza karibu kila kilichokuwa ndani. Ndiyo maana kuta ni za zama moja na mapambo ni ya zama nyingine.

Geuka sasa utazame nyuma, juu ya mlango wa magharibi. Hicho ni kinanda. Fundi wake, Eugenio Casparini, alizaliwa katika nchi hizo hizo za Lausitz mwaka wa 1623, akaenda Italia, akafanya kazi huko miaka mingi hata akabadilisha jina lake likawa la Kiitalia. Alirudi akiwa mzee kuja kuijenga kazi hii pamoja na mwanawe, na ilipokamilika mwaka wa 1703 alikuwa na umri wa miaka 80. Kwenye uso wa kinanda kuna jua 17 zenye nyuso za dhahabu, na filimbi zimepangwa kuzizunguka mithili ya miale. Filimbi hizo si pambo tu; baadhi yake hutoa sauti. Sehemu ya ndani iliyopo leo iliundwa na mafundi wa Uswisi na kuzinduliwa mwaka wa 1997. Ukipata siku ambayo kinanda kinapigwa, ahirisha mengine yote.

Kulikuwa na mchungaji mkuu katika kanisa hilo aliyeitwa Gregor Richter, na mtaani palikuwa na fundi wa viatu aliyeitwa Jakob Böhme. Böhme hakuwa na elimu ya chuo. Alishona viatu, akalea watoto, na usiku akaandika mambo aliyodai kuonyeshwa kuhusu Mungu, mwanga na giza, wema na ubaya. Mwaka wa 1612 aliandika kitabu chake cha kwanza, Aurora, ambacho marafiki walikinakili kwa mkono na kupitishiana. Nakala ikamfikia Richter. Mchungaji akapanda mimbarini akamlaani fundi viatu mbele ya waumini wote. Baraza la mji likamnyang'anya maandishi na kumwamuru ashike sindano yake na ngozi, asishike kalamu tena.

Böhme alinyamaza miaka kadhaa, kisha akaanza upya. Richter alifariki Agosti mwaka wa 1624. Böhme akafuata Novemba mwaka uo huo. Hata akiwa maiti ugomvi haukuisha, kwani wachungaji walikataa kumzika kwa heshima hadi baraza lilipoingilia kati, na msalaba ambao marafiki waliuweka juu ya kaburi lake uliharibiwa na watu wa mji. Leo nani anamkumbuka Richter ila kwa sababu ya Böhme? Mwanafalsafa Hegel alimwita fundi huyo mwanafalsafa wa kwanza wa Ujerumani, na mjini pana sanamu yake.

Kaburi lake lipo katika makaburi ya kanisa la Nikolaikirche, mwendo mfupi kutoka hapo. Kanisa lenyewe liliungua zaidi ya mara moja, na katika miaka ya 1920 lilifanywa ukumbusho wa askari waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini nyumba aliyoinunua Böhme mwaka wa 1599 iko ng'ambo ya mto, mwishoni mwa daraja, Zgorzelec. Alipokuwa hai ilikuwa hatua chache kutoka nyumbani hadi kanisani. Siku hizi nyumba yake iko nchi moja na kaburi lake nchi nyingine.

Yerusalemu ya bwanyenye

Pahala ambapo ningependa ukae kuliko pote ni panapoitwa Heiliges Grab, yaani Kaburi Takatifu. Mtu aliyepaanzisha, Georg Emmerich, alikuwa tajiri na mtoto wa tajiri. Katika ujana wake alimpa mimba Benigna Horschel, binti wa ukoo ulioshindana na wao katika siasa za mji, kisha akakataa kumwoa. Mji ukawaka moto. Mwaka wa 1465 Emmerich akafunga safari ya hija hadi Yerusalemu, akapewa huko cheo cha ushujaa wa Kaburi Takatifu, akarudi akiwa ameoshwa dhambi zake. Baadaye akawa meya, na hakuna aliyekuwa na nguvu kumshinda. Mwenye pesa si mwenzio. Kuhusu Benigna, vitabu vinataja jina lake, na mimba yake, basi.

Kati ya mwaka wa 1481 na 1504 yalijengwa nje ya ukuta wa mji majengo matatu madogo kwa mfano wa yale ya Yerusalemu. La kwanza ni kanisa la ghorofa mbili. Chini ni kanisa la Adamu, na ukutani mwake mafundi wamechonga ufa kwa makusudi, kukumbusha mwamba uliopasuka Yesu alipokata roho. Juu ni Golgotha, na sakafuni mna matundu matatu ya misalaba. La pili ni nyumba ndogo ya kupakia mwili mafuta, yenye sanamu ya Maria akimwombolezea mwanawe. La tatu ni kaburi lenyewe, la mawe, dogo kuliko la asili, lenye kijikuba juu. Utainama kuingia. Bonde na bustani iliyo karibu vilihesabiwa kuwa Kidroni na Mlima wa Mizeituni.

Kuna jambo la kushangaza hapa. Kaburi la Yerusalemu liliharibiwa na moto mwaka wa 1808 na kujengwa upya kwa sura nyingine. Kwa hivyo, mtu anayetaka kujua mahujaji wa zamani waliona nini huko, anaweza kukitazama kivuli chake katika mji huu wa mpakani, ambako nakala imesimama zaidi ya miaka 500.

Anayetaka hufuata Njia ya Msalaba inayoanzia Peterskirche, ikateremka na kupanda tena hadi hapo, karibu kilomita moja. Nendeni pamoja na watoto, na msiende mbio. Mkiwa njiani wasimulieni pia habari za Agnes Finger, mjane mfanyabiashara wa mji uo huo, aliyehiji Yerusalemu mwaka wa 1476. Yeye hakukimbia kashfa yoyote. Aliporudi alitenga mali yake ili maskini wagawiwe mkate. Nani kati ya hao wawili aliyehiji zaidi? Waacheni watoto wajibu. Majibu yao huwa makali kuliko yetu.

Kuvuka

Nakutahadharisha kuhusu Jumapili. Mkenya aliyezoea kanisa lililofurika hadi watu wakasimama nje atashtuka. Wakazi wengi wa jimbo la Saksonia si waumini wa kanisa lolote, na katika jengo linaloweza kumeza mamia ya watu huenda ukawakuta wazee wachache wamekaa mbele. Vita vilitawanya watu, kisha ikaja miaka 40 ya serikali ya kikomunisti isiyowapenda wacha Mungu. Dayosisi ya Kikatoliki ya Görlitz, iliyoundwa mwaka wa 1994, ndiyo yenye waumini wachache kuliko zote Ujerumani. Usicheke wala usiwahurumie. Wasalimie, uimbe nao, watafurahi.

Na swali litakujia: kama waumini ni wachache hivyo, nani hulipia mapaa na madirisha? Wakati wa ukomunisti nyumba za kale ziliachwa zioze, na palikuwa na mipango ya kubomoa sehemu za mji. Ujerumani ilipoungana mwaka wa 1990 fedha za serikali zikaanza kuingia. Kisha mwaka wa 1995 mtu fulani akautumia mji marki milioni moja kwa ajili ya kukarabati majengo ya kale, kwa sharti kwamba asitafutwe wala kutajwa. Mwaka uliofuata akatuma tena, na mwingine tena. Sarafu ilipobadilika zikawa yuro 511,500 kwa mwaka. Mkono huo ulitoa hadi mwaka wa 2016 ukanyamaza, na mwenyewe hajajulikana. Mlinganishe na Emmerich.

Sasa vuka daraja. Lilikosekana miaka 59 hadi lilipojengwa upya, la watu wa miguu na baiskeli, mwaka wa 2004. Desemba 2007 ukaguzi wa mpakani uliondolewa, na watu wakaanza kuishi huku na kununua kule kama mji mmoja. Lakini Machi 2020, kwa sababu ya korona, Poland ilifunga mpaka na uzio ukasimamishwa pale pale darajani. Hadi Juni jamaa na wapenzi walikuwa wakija kusemezana kupitia nyaya. Na miaka ya karibuni serikali zote mbili zimekuwa zikirudisha ukaguzi, kwa hivyo pasipoti yako isibaki hotelini.

Zgorzelec haina makanisa ya kale ya kulingana na yale, ila ina historia yake. Katika jumba lake kubwa lenye kuba ndimo Poland na Ujerumani Mashariki zilipotia saini mkataba wa mpaka tarehe 6 Julai 1950. Huko kuna pia kanisa la Kiothodoksi, kwa kuwa maelfu ya Wagiriki waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwao walipewa makao hapo kuanzia mwaka wa 1949. Na pembeni mwa mji ni pahali palipokuwa na kambi ya mateka wa vita, Stalag VIII-A. Mfaransa Olivier Messiaen, mpiga kinanda wa kanisa moja la Paris, alifungwa humo. Alitunga muziki wa vyombo vinne kuhusu mwisho wa nyakati, na tarehe 15 Januari 1941, katika baridi kali, yeye na mateka wenzake watatu wakaupiga mbele ya wafungwa na walinzi wao. Sijui ibada gani ingeweza kuwa nzito kuliko hiyo.

Ukibakiwa na siku moja, panda basi uende Herrnhut, chini ya kilomita 40 kutoka Görlitz. Ni kijiji tu, lakini kwa Wamoravian wa Mbeya, Rungwe na Tabora ni kama nyumbani kwa babu. Kilianzishwa mwaka wa 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia katika shamba la Kabaila Zinzendorf, na kutoka hapo walitoka wamishenari waliofika Rungwe mwaka wa 1891. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mwaka wa 2024 UNESCO ilikiweka kijiji hicho katika orodha ya urithi wa dunia. Kanisa lake ni jeupe, halina sanamu wala dhahabu. Kilimani ni makaburi yao, mawe yamelazwa chini safu kwa safu, yote sawa, ya fundi na ya mwenye shamba, ya mtumwa aliyekombolewa na ya askofu. Yaani yote isipokuwa ya ukoo wa Zinzendorf, ambayo yako katikati na yameinuliwa.